Mimba ya Mapacha: Yanayopaswa Kujulikana Nyumbani

Kulwa na Doto hupokewa kwa vigelegele, na wanastahili. Lakini mimba ya watoto wawili ina hatari zaidi kuliko ya mtoto mmoja, na dalili zake mara nyingi huanzia nyumbani, usiku, mbele ya watu wasiojua wanachokiona. Kijitabu hiki ni chao: mume, mama mkwe, wifi, jirani.

Mama apimwe ultrasaundi mapema, ikiwezekana kabla ya wiki ya 14. Muulizeni mpimaji kama watoto wana kondo la nyuma moja au kila mmoja ana lake, na jibu liandikwe kwenye kadi ya kliniki. Wanaochangia kondo huunganishwa na mishipa ya damu humo ndani, na wakati mwingine damu huelemea upande mmoja. Mmoja hupungukiwa na maji yanayomzunguka huisha. Mwenzake huzidiwa na maji yake hufurika. Hali hii hutokea zaidi kati ya wiki ya 16 na ya 26. Tumbo hukua ghafla ndani ya siku chache, likakaza kama ngoma, na mama akilala pumzi humbana. Msijifariji kwamba mapacha lazima wawe na tumbo kubwa. Nendeni hospitali siku hiyohiyo. Mama wa kondo moja huhitaji ultrasaundi kila baada ya wiki mbili kuanzia wiki ya 16, hata akijisikia mzima.

Presha ya mimba nayo humpata mama wa mapacha mara mbili hadi tatu zaidi ya wengine. Ikifika 140/90 baada ya wiki ya 20, ni hatari. Miguu kuvimba jioni huwapata wajawazito wengi. Uso uliovimba asubuhi na pete isiyotoka kidoleni si jambo la kuachia. Vivyo hivyo kichwa kisichotulia, macho kuona vimulimuli, na maumivu chini ya mbavu za kulia. Akianguka na kukakamaa, hicho ni kifafa cha mimba. Si mashetani, wala hajarogwa. Mlazeni kwa ubavu wa kushoto, msimtie kijiko mdomoni, msimkandamize, tafuteni gari. Hospitali ina sindano ya magnesiamu ya kuzuia degedege hilo. Muda unaopotea kwa mganga unaweza kumgharimu maisha.

Zaidi ya nusu ya mapacha huzaliwa kabla ya wiki ya 37, kwa hiyo mkoba uwe tayari kufikia wiki ya 28. Tumbo likikaza na kuachia kwa mpangilio, kiuno kikiuma, au maji yakitoka, msingoje kupambazuke. Ipo sindano ya kukomaza mapafu ya watoto wasiotimia, lakini huhitaji saa kadhaa kufanya kazi. Akifika watoto wanatoka, imeshachelewa.

Kinachochelewesha wengi ni ruhusa na nauli. Baba akiwa safarini, nani anaamua? Tajeni jina lake leo, mama akiwepo. Mjue dereva atakayekubali kuamshwa saa nane za usiku, na ndugu wawili watakaokuwa tayari kutoa damu. Mapacha wazaliwe hospitali yenye chumba cha upasuaji na akiba ya damu, si zahanati, kwa sababu mfuko wa uzazi uliotanuka sana huweza kushindwa kunywea, na damu ikatoka kwa wingi ndani ya dakika chache.

Watoto wakizaliwa wadogo, wafungwe kifuani, ngozi kwa ngozi, kama wauguzi watakavyoelekeza. Baba anaweza kumbeba mmoja. Naye mama aendelee kupimwa presha: kifafa kinaweza kuja hata baada ya kujifungua, kwa hiyo kichwa kuuma sana au macho kufifia katika wiki sita za mwanzo kumrudishe hospitali mara moja.