Kuzungusha Mstari na Kupandanisha Herufi: Maandishi Wima katika Programu za Michoro na Tahajia ya Kiswahili

1.0 Utangulizi

Majedwali ya ngeli na grafu za fonetiki huhitaji mara kwa mara maandishi yaliyosimama: kichwa cha safu nyembamba, au jina la mhimili wima. Makala haya yanadai kwamba istilahi "maandishi wima" inafunika dhana mbili zisizolingana, na kwamba moja kati yake huvunja tahajia ya Kiswahili. Dhana ya kwanza ni kuzungusha mstari mzima. Ya pili ni kuweka herufi moja chini ya nyingine, kila moja ikisimama kama kawaida yake. Hii tutaiita kupandanisha.

2.0 Kuzungusha mstari

Katika PostScript, lugha ya kueleza kurasa iliyotolewa na kampuni ya Adobe mwaka 1984, nukta sifuri ya ukurasa iko kwenye pembe ya chini, kushoto. Amri "rotate" haigusi maandishi yenyewe. Huzungusha mihimili ambayo maandishi yatachorwa juu yake. Ndiyo maana mchoraji hana budi kuihamisha kwanza nukta sifuri, kwa amri "translate", hadi mahali neno linapoanzia. Akizungusha nyuzi 90 bila kuhamisha, neno huangukia nje ya ukurasa, upande wa kushoto, naye hubaki akishangaa karatasi tupu.

Mwelekeo nao ni suala la mapatano. Katika PostScript, nyuzi chanya huenda kinyume cha mishale ya saa. Katika SVG, iliyoidhinishwa na W3C mwaka 2001, mhimili wima huhesabiwa kwenda chini, hivyo nyuzi chanya hufuata mishale ya saa. Jina la mhimili lisomekalo kutoka chini kwenda juu huhitaji 90 katika PostScript, na -90 katika SVG.

SVG ina utata mwingine unaomhusu mwanaisimu moja kwa moja. Neno "rotate" likiwa ndani ya sifa ya "transform" huzungusha mstari mzima. Likiwa sifa ya elementi ya maandishi, huzungusha kila herufi mahali pake, na mstari hubaki mlalo. Mfasiri anayetoa kisawe kimoja, "zungusha", kwa yote mawili anamnyima mtumiaji tofauti ambayo mashine yenyewe inaizingatia.

3.0 Kupandanisha na kipashio cha uandishi

Kupandanisha si kosa kila mahali. Wachina na Wajapani wameandika hivyo kwa karne nyingi, kwa safu zinazoanzia kulia. Wakorea, ambao alfabeti yao hukusanya herufi katika vifungu vya silabi, hupandanisha silabi nzima. Kimongolia cha jadi huandikwa kutoka juu kwenda chini, lakini herufi zake huungana. Kinachoshuka ni neno zima. Katika kila mfano, kinachopangwa ni kipashio ambacho mwandiko wenyewe unakitambua.

Je, kipashio cha tahajia yetu ni herufi? Tuchukue neno "ng'oa". Lina alama tano, lakini fonimu ni tatu tu, kwani alama tatu za mwanzo kwa pamoja huwakilisha nazali moja ya kaakaa laini. Likipandanishwa, "n" na "g" hupata mistari yao, kisha ritifaa hubaki peke yake kwenye mstari wa tatu, mfano wa doa la wino. Msomaji akilipuuza doa hilo, amesoma "ngoa", yaani wivu au tamaa. Neno jingine kabisa. Jozi "sh", "ch", "ny", "dh", "th", "gh" hutenganishwa vivyo hivyo, ingawa kwa madhara madogo zaidi.

Huenda mtu akapendekeza kupandanisha silabi, kama Wakorea: "nge", chini yake "li". Silabi huru za Kiswahili zinaruhusu jambo hilo, lakini "mtu" litatoa mstari wenye "m" pekee, nayo maneno kama "labda" yatazusha mabishano yasiyo na tija mezani pa mchapaji.

Kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu suala halina mjadala. Herufi nyingi hubadili umbo kulingana na nafasi yake katika neno. Zikipandanishwa hulazimika kuchukua umbo la pekee, na neno hutoweka.

4.0 Matumizi

Tunapendekeza istilahi tatu: "zungusha mstari", "zungusha herufi" na "pandanisha". Kwa majedwali ya Kiswahili, ya kwanza ndiyo ifaayo. Hata kiwango cha Unicode kuhusu maandishi wima, katika kiambatisho chake namba 50, huzipa herufi za Kilatini hali ya kulazwa nyuzi 90, si ya kusimama.

Wapo wanaopandanisha kwa kubonyeza kitufe cha mstari mpya baada ya kila herufi. Mbali na tahajia, hapo kompyuta haioni tena neno: mtafiti atakayetafuta "ngeli" katika tasnifu hiyo hatakipata kichwa cha jedwali, ingawa kiko mbele ya macho yake.