Kabla ya Mapazia, Tafuta Maji Yalikopita

Wadogo zangu mlioko Marekani, naona mmeanza tena kunitumia picha. Trela la Shasta la miaka ya 1960, mabawa yake bado yako ubavuni, dola 1,500 tu, na chini yake swali: "Dada, nikalichukue kesho?" Mwingine hajalipa hata senti lakini kitambaa cha mapazia ameshachagua!

Sikatazi. Trela dogo la kulala ukilifufua mwenyewe litakupeleka ziwani na watoto bila kuwaza bei ya hoteli. Ila nisikilizeni: kwenye trela kuukuu, kinachonunuliwa ni ganda na chesisi. Hivyo viwili vikiwa vizima, mengine utayatengeneza polepole mfuko ukiruhusu. Vikiwa vibovu, hata ukipewa bure umepata mzigo.

Adui mkubwa ni maji. Matrela mengi ya enzi zile yana fremu ya mbao nyembamba, nje yamevikwa alumini, ndani plaiwudi. Maungio ya paa na kingo za madirisha yalizibwa kwa gundi ambayo miaka ikipita hukauka na kupasuka. Maji yakipenya hapo hushuka ndani ya ukuta, yakaozesha mbao kimyakimya huku alumini ya nje ikiendelea kung'aa.

Kwa hiyo ukifika, usianze kusifia. Nusa kwanza. Harufu ya ukungu ni ngumu kuificha, na ukikuta manukato yamepulizwa kupita kiasi, jiulize kwa nini. Bonyeza kwa kidole gumba pembe za dari, chini ya kila dirisha na kuzunguka tundu la hewa la paani. Panapobonyea, pameoza. Fungua makabati, inua magodoro, funua zulia, kisha kanyaga kwa uzito wako wote mlangoni na nyuma kabisa. Madoa meusi kwenye plaiwudi yanakuonyesha maji yalikopita. Na ndani kukiwa kumepakwa rangi juzi tu, uliza picha za kabla ya rangi. Ukiweza, nenda mvua ikiwa imenyesha jana yake.

"Lakini dada, Airstream ni alumini tupu!" Ganda ndilo alumini, mdogo wangu. Sakafu ni plaiwudi, na kwa nyuma ndiko hupenda kuoza. Matrela ya faiba, kama Boler zilizoanza kutengenezwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968, yana ganda la vipande viwili vilivyounganishwa, kwa hiyo maji hayana njia nyingi. Ila wenye nayo wanajua thamani yake. Bei ya kutupa utaisubiri sana.

Sasa vaa nguo za kazi uingie chini. Kutu ya juujuu husuguliwa ikapakwa rangi. Kutu inayobanduka magamba, au ufa karibu na springi au kwenye mkono wa kuvutia, inahitaji fundi wa kuchomelea, na bei yake uijue kabla hujatoa pesa. Tairi nalo linaweza kuonekana jipya kumbe limezeeka. Ubavuni, mwisho wa namba inayoanza na DOT, kuna tarakimu nne: 2318 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2018. Ukikuta tarakimu tatu, lilitengenezwa kabla ya 2000. Usilipeleke barabarani hata kilomita moja.

Karatasi msizidharau. Namba iliyogongwa kwenye chesisi ilingane na ya hati ya umiliki, na jina la kwenye hati liwe la huyo anayekuuzia. Sheria za hati hutofautiana jimbo kwa jimbo, hivyo ulizia ofisi ya usajili ya jimbo lako kabla ya kulipa. Halafu soma kitabu cha gari lako uone linaruhusiwa kuvuta kiasi gani. Trela likiwa na kilo 1,000 pamoja na vyombo, kilo 100 hadi 150 zikae kwenye kiungo cha gari. Zikipungua hapo, trela linaweza kuanza kuyumba ukiwa kwenye mwendo.

Ukishalileta nyumbani, fuata mpangilio. Ziba paa na madirisha kwanza, badilisha mbao zilizooza, kisha chesisi, beringi, breki na taa. Umeme na gesi mpe fundi avikague, na funga kifaa cha kutambua kaboni monoksaidi kabla mtu hajalala humo. Trela la kabla ya 1978 linaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, kwa hiyo usiikwangue kavu wala usiruhusu watoto kusogea. Mapazia yaje mwisho.

Na pesa: usimalize akiba yote kwenye kununua. Orodhesha matengenezo, uliza bei ya kila kimoja, jumlisha, kisha ongeza fungu la yale utakayoyakuta ukifungua ukuta. Jumla hiyo ndiyo bei halisi ya trela. Ikikushinda, mwambie muuzaji asante na uondoke. Na akikuzuia kubonyeza kuta au kuingia chini, hata hesabu usipige. Matangazo ya wiki ijayo yatakuwa na mengine.