GOFU: TUJIFUNZE KWANZA KUPIGA KARIBU

Ndugu wanafunzi, na ninyi walimu wetu, wengi mliuliza kwa nini sisi wa kikundi cha gofu tunapiga mpira pole pole tu, hatua mbili tatu, sawa vile watoto. Sababu ya kwanza mnaijua: tulipoanza tulipiga kwa nguvu zote, kioo cha kalasi ya tatu kikavunjika, na Bwana Prefe akakataza kabisa mapigo marefu. Tulinung'unika sana. Lakini sasa tuko na furaha nayo kidogo, na sababu ni hii.

Katika gofu pigo la meta 200 linahesabiwa 1, na pigo la sentimeta 20 linahesabiwa 1 vilevile. Uwanja kamili uko na mashimo 18, na mara nyingi mchezaji hodari anatazamiwa kuyamaliza kwa mapigo 72. Ndani ya hesabu hiyo, kila shimo limewekewa mapigo 2 ya kusukuma mpira kwenye majani mafupi. Hesabuni wenyewe: 36, ndiyo nusu nzima. Na pale nguvu haina kazi. Msichana wa kalasi ya kwanza anaweza kumshinda finalisti.

Tuanze na kusukuma. Shimo la gofu lina upana wa milimeta 108. Sisi tunafukia kopo la maziwa, ni karibu sawa. Macho yawe juu ya mpira. Mabega na mikono vitembee pamoja, vifundo visikunjike, fimbo irudi nyuma na kwenda mbele kwa kipimo kimoja, kama bembea. Hapa Butembo kila kiwanja kinateremka, basi kabla ya kupiga shuka chini ya shimo, chuchumaa, tazama mteremko. Kosa letu kubwa halikuwa kupiga kando. Lilikuwa mwendo: mpira unabaki nyuma meta 2, ao unapita mpaka kwenye mikalitusi. Tunapashwa kujifunza mwendo mbele ya yote.

Mpira ukiwa nje kidogo ya majani mafupi, tunaurusha. Sogeza miguu karibu, uzito uegemee mguu wa mbele, mpira uwe upande wa mguu wa nyuma, mikono itangulie mpira. Piga kwa kushuka kidogo. Usiuchote kama uji! Uso wa fimbo umelala, wenyewe unauinua. Anayechota anapiga udongo, ao anapiga kichwa cha mpira, nao unakimbia kama mbuzi. Zoezi letu ni hili: tupa kwanza mpira kwa mkono, uone ni wapi unapashwa kuanguka ili ujiviringishe mpaka kopo. Kisha shika fimbo, upige pale pale.

Wengine wanasema ni mchezo wa Wazungu wa mbali. Haiko mbali: ng'ambo ya Ruwenzori, Fort Portal, kuna uwanja wa gofu. Kule Jinja sheria ya uwanja ilimruhusu mchezaji kuondoa mpira ulioingia katika nyayo za kiboko, bila adhabu!

Jumamosi saa nane, nyuma ya kalasi ya nne. Kila mtu alete kopo. Wanaongoja zamu wasimame nyuma ya mpigaji. Mipira tuko nayo 6. Wa saba ulipotelea katika shamba la maharagwe la jirani, na anayeuona aurudishe.