Uzamivu wa Udaktari: Fomu Ijaze Mwisho

Fomu ya kuomba uzamivu niliijaza usiku mmoja, nyumbani Mbagala, intaneti ikitoka kwenye simu na kompyuta imebakiza chaji ya saa moja, maana umeme ulikatika tangu magharibi. Kabla ya usiku huo ilipita miezi kumi na minne. Wenzangu wanaonipigia kuniuliza "Dokta, ulifanyaje?" huwa wanataka habari za ule usiku: ada kiasi gani, mwisho lini, wanataka alama ngapi. Hayo yamo kwenye tangazo la chuo na hubadilika, kwa hiyo lisome tangazo la mwaka wako. Mimi nitaandika juu ya ile miezi kumi na minne.

Kwanza tuondoe utata wa majina. Nilipomwambia mama kwamba naomba kusoma udaktari, aliacha kupepeta mchele akanitazama. "Si ulishamaliza huo? Au miaka yote ile ulikuwa unatuzuga?" Ana haki ya kuuliza. Kwetu anayetibu malaria ni Dkt., na aliyeandika tasnifu juu ya mashamba ya mkonge naye ni Dkt. Ukishapata MD, barabara inagawanyika. Moja inakwenda kwenye ubingwa: MMed, kisha ukipenda ubingwa bobezi, na mwisho wake unamtibu mgonjwa ambaye wengine wamemshindwa. Nyingine ni ya utafiti: unapata uzamili, halafu uzamivu, na mwisho wake unatakiwa uwe umeongeza jambo moja ambalo halikuwa likijulikana. Wapo waliopita zote mbili. Lakini kama ndoto yako ni kupasua, usiombe uzamivu kwa ajili ya heshima ya jina. Mama atakuita daktari vilevile.

Neno lenyewe ni zuri ukilitazama. Mzamivu ni anayezama chini ya maji kutafuta kitu, na anazama mahali pamoja. Mimi mara ya kwanza niliomba kuogelea bahari nzima.

Kichwa cha andiko langu la kwanza kilikuwa "Changamoto za matibabu ya waraibu wa dawa za kulevya nchini Tanzania". Nililipenda. Nililipeleka chuo kimoja cha nje, likarudi baada ya miezi mitano na mistari miwili: hawakuona swali, na hawakuwa na mtu wa kunisimamia. Nilinuna kama wiki mbili. Sasa nikilisoma naona walinihurumia. Changamoto si swali. Changamoto ni ghala, unaweka humo kila kitu.

Swali lenyewe nilikuwa nalo kazini, na lilikuwa limeshanijia kwa miguu yake. Nafanya kazi kituo cha afya Temeke, na siku za kliniki ya kifua kikuu huwa napokea vijana ambao pia wanakunywa methadoni. Kwa asiyejua: tiba hii ya waliokuwa wakitumia heroini ilianza Muhimbili Februari 2011, ikafika Mwananyamala mwaka 2012, kisha Hospitali ya Temeke mwaka 2014. Kwa kawaida mtu anakwenda kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya mhudumu, anarudi zake. Kijana mmoja alikuwa mwezi wa kwanza wa dawa za kifua kikuu. Akaniambia, "Dokta, hizi dawa zenu za kifua zinanirudishia arosto." Jasho, kuumwa viungo, kukosa usingizi. Nilimwona mjanja, anatafuta kuongezewa dozi. Wiki ya tatu hakutokea, na jina lake likaingia kwenye orodha ya waliopotea.

Usiku ule nilifungua kitabu cha famakolojia nilichonunua nikiwa mwaka wa tatu. Alikuwa sahihi. Rifampisini, mojawapo ya dawa nne za miezi miwili ya mwanzo, huliamsha ini likaivunja methadoni haraka kuliko kawaida. Dozi iliyomtosha jana, leo haimfikishi jioni. Anayesikia arosto ana njia mbili za kuituliza: aziache dawa za kifua kikuu, au arudi maskani kwenye heroini.

Nikadhani nimepata uzamivu. Sikuwa nimepata bado, na hapa ndipo waombaji wengi tunapokwama. Profesa wa kwanza aliyekubali kunisikiliza alinikatiza dakika ya pili. "Hilo linajulikana tangu miaka ya sabini. Wewe unataka kujua nini ambacho hakijulikani?" Nilirudi na daladala nimejikunyata dirishani kama niliyeibiwa. Lakini lile ndilo swali unalopaswa kujiuliza kabla ya kuulizwa na mtu mwingine. Chukua karatasi, igawe mara mbili. Kushoto andika yanayojulikana, na kila mstari uwe na chapisho unaloweza kulionyesha. Kulia andika usiyoyaona popote. Upande wangu wa kulia ulipata mistari mitatu baada ya miezi miwili ya kusoma: kwenye kliniki zetu za Dar es Salaam, dozi ya methadoni hupandishwa siku ya ngapi tangu rifampisini ianze? Nani anamwambia nani, ikiwa kifua kikuu kinatibiwa jengo moja na methadoni jengo lingine? Na wanaopotea, wanapotea kabla ya dozi kupandishwa au baada? Hapo profesa alivua miwani.

Onyo moja kabla sijaendelea. Nilitaka kuanza kufungua mafaili ili andiko liwe na takwimu. Mzee anayetunza kumbukumbu pale kituoni, ambaye hajasomea utafiti wowote, alinizuia. "Dokta, kuhesabu wagonjwa kwa ripoti ya mwezi ni kazi yako. Kuwahesabu kwa ajili ya kitabu chako, hiyo ni habari nyingine." Ni kweli. Taarifa za mgonjwa kwa utafiti zinahitaji kibali cha maadili, na kazi iliyofanyika kabla ya kibali haitibiki baadaye. Kwenye andiko la kuombea nafasi, tumia machapisho na ripoti zilizo wazi.

Msimamizi

Niliandika barua pepe kumi na moja. Zote zilianza kwa maneno yaleyale, zote zilikuwa na kurasa nane zimeambatanishwa, na nilijibiwa mbili. Ya kumi na mbili ilikuwa na aya mbili: swali langu, na kwa nini nadhani linamhusu yeye, nikitaja chapisho lake moja nililolisoma kweli. Nikaambatanisha kurasa mbili tu. Alijibu kesho yake.

Utamjuaje wa kumwandikia? Nenda maktaba ya chuo cha Muhimbili, au ingia kwenye hazina yao ya tasnifu mtandaoni, usome kurasa ambazo hakuna anayezisoma: shukrani. Humo mwanafunzi anasema nani alimlipia, maabara gani ilimpokea, msimamizi yupi alikuwa akijibu usiku na yupi ametajwa kwa neno moja la adabu. Tazama pia mwaka aliosajiliwa, kama umetajwa, na mwaka aliomaliza. Tasnifu tano za mtu mmoja zitakueleza zaidi ya ukurasa wake wa chuo. Baada ya hapo nenda kwenye makongamano. Muhimbili wana kongamano la kisayansi la kila mwaka, na Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, yaani NIMR, nayo ina lake. Simama karibu na meza ya chai. Shikamoo Prof, taja jina lako na kituo chako, sema sentensi moja. Usimpe bahasha mtu aliyeshika kikombe.

Wengine wataniuliza kwa nini sikung'ang'ania nje. Kuna njia ya katikati, na kwetu ina historia ndefu. Ushirikiano wa Muhimbili na vyuo vya Sweden katika utafiti wa UKIMWI ulianza mwaka 1986, na Watanzania wengi walisomea uzamivu kwa kwenda na kurudi: miezi kadhaa Stockholm, miezi mingi hapa, wagonjwa na familia wakibaki Dar. Humohumo ndimo ilimotokea hata kazi ya chanjo ya majaribio ya VVU iliyoanza mwaka 2007, ambayo waliojitolea walikuwa askari polisi wa jiji hili. Taasisi ya Afya Ifakara, yenye ofisi Mikocheni, ina undugu wa namna hiyo na Basel tangu miaka ya 1950. Swali langu liko Temeke, na mimi sioni faida ya kwenda kulisomea moja kwa moja kwenye baridi.

Fedha na mwajiri

Ada si gharama kubwa kuliko zote. Utafiti ndio unaokula: wasaidizi, usafiri, vipimo, ada za vibali, machapisho. Tengeneza bajeti kabla ya kuomba, hata ya mkono. DAAD ya Ujerumani hufadhili wanaosoma humuhumu Afrika katika vyuo ilivyovichagua, Commonwealth Scholarship hupeleka watu Uingereza, na CARTA, muungano wa vyuo na taasisi za utafiti za Afrika, umekuwa ukichukua wafanyakazi wa taasisi wanachama wake. Ila nafasi nyingi za uzamivu wa afya nilizoziona hazitangazwi kama ufadhili hata kidogo. Zimejificha ndani ya miradi: mradi unapata fedha, ndani yake kuna viti viwili vya wanafunzi. Hizo unazipata kwa msimamizi, na ndiyo sababu nyingine ya kumtafuta yeye kwanza.

Kama umeajiriwa serikalini, barua yako ipitie kwa mwajiri, na uanze mapema jina lako liingie kwenye mpango wa mafunzo. Rafiki yangu mmoja alipata nafasi na ufadhili, akakosa ruhusa, akaahirisha mwaka mzima. Barua ilikuwa mezani kwa mtu aliye likizo. Toa kopi, gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye kopi yako, na urudi kuulizia bila haya.

Vyeti nusura viniangushe. Cheti changu cha Kidato cha Nne kina herufi moja ambayo haimo kwenye kitambulisho cha NIDA. Herufi moja! Mfumo wa maombi haukujali, lakini wafadhili walijali, nikamtafuta wakili anitengenezee hati ya kiapo. Vitandaze vyeti vyako vyote kitandani leo, tangu cha kuzaliwa, usome majina kwa kidole. Kama shahada yako mojawapo ni ya nje, ipeleke Tume ya Vyuo Vikuu itambuliwe mapema, usingoje wiki ya mwisho. Na ukienda stesheneri kuskani, kaa hapohapo uone kila ukurasa umetoka. Transkripti yangu iliskaniwa upande mmoja, nikaja kuigundua saa sita usiku.

Wadhamini wawili wa kukuandikia barua wape mwezi mzima, na uwatumie andiko lako. Barua ya "namfahamu, ni mchapakazi" haimsaidii mtu.

Usaili

Niliitwa mbele ya jopo la watu wanne, dakika kumi za kuwasilisha. Nilijiandaa kwa takwimu, wakaniuliza mambo mengine. Kati ya maswali yako matatu, ukiambiwa uache moja utaacha lipi? Mradi ukiishiwa fedha mwaka wa pili utabaki na nini mkononi? Na la tatu, kutoka kwa mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote: hawa vijana unaowatafiti, ukigundua mmoja dozi haimtoshi wakati wewe unakusanya takwimu, utaandika au utampigia simu daktari wake? Nilisema nitapiga simu, na kwamba nimeliandika hilo ukurasa wa pili. Akafungua ukurasa wa pili kuhakikisha.

Nilikubaliwa. Ila barua ya kukubaliwa haikufungulii mlango wa kliniki yoyote. Andiko kamili linakwenda kamati ya maadili ya chuo; utafiti ukigusa mambo ya ngazi ya taifa, au ukishirikisha wageni, tegemea pia kupita NIMR, na mgeni atahitaji kibali cha Tume ya Taifa ya Sayansi na Teknolojia pale Kijitonyama. Sampuli au takwimu zikivuka mpaka, kuna mikataba yake. Halafu ndiyo barua za chini: chuo kinamwandikia Katibu Tawala wa Mkoa, yeye anamwandikia Mkurugenzi wa Manispaa, inashuka kwa Mganga Mkuu, inatua kwa Mganga Mfawidhi, naye anaita kikao na sista kiongozi wa kliniki. Ukimfikia sista mwisho wa mlolongo huo bila kumsalimia hata mara moja mwanzoni, utakuwa na barua zote na usipate mgonjwa hata mmoja. Mimi nilianza kwake, miezi sita kabla ya barua ya kwanza.

Sasa hivi nina faili la barua hizo, kopi tatu tatu, ndani ya mfuko wa nailoni, maana ni masika na Kilwa Road inajaa maji. Ya Kinondoni imeshagongwa muhuri. Ya Temeke wameniambia nirudi Alhamisi.