Kidole cha Mama: Mafunzo Niliyopata Katika Kupika Komoni

Mama mkwe wangu alinifundisha kupika komoni, pombe ya mahindi na kimea cha ulezi, huko Njombe, nikiwa bado mgeni nyumbani kwake. Sasa nakaa Makambako, mwendo wa kilomita 60 hivi, na kila nikipika pombe ya sherehe namkumbuka.

1. Kimea kwanza.
Ulezi unalowekwa usiku kucha, unatiwa kwenye kiroba, unafunikwa na kunyunyiziwa maji hadi uchipue na vijizizi vishikane. Kisha unaanikwa, ukauke kabisa ndipo usagwe. Mara yangu ya kwanza nilianika siku za mawingu, kimea kikaota ukungu wa kijani. Nikataka kuupeta ule ukungu niendelee. Mama akakibeba chote akakimwaga shimoni. "Mwanangu, hii watu watakunywa." Sumu ya ukungu, yaani sumukuvu, haiishi kwa kuchemshwa. Jina hilo Mama hakulijua, ila hatari yake aliijua vizuri.

2. Uji wa moto huua kimea.
Hapa niliharibu sufuria nzima. Niliepua uji wa mahindi ukitokota, nikatia kimea papo hapo. Siku ya tatu nilikuwa na uji mzito uliochacha, kilevi hakuna. Kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari, na hamira inayoleta kilevi inakula sukari, wanga haiuwezi. Njombe iko juu, karibu mita 2,000, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi badala ya 100. Hata hizo ni nyingi mno kwa vimeng'enya.

Mama alikuwa akichovya kidole. Kikiingia na kutoka upesi bila kuungua, anatia kimea. Miaka mingi baadaye nilinunua kipimajoto, nikaenda nacho kwake. Alipochovya na kusema "tayari", nikapima: nyuzi 65, hapo hapo panapotakiwa.

Ukishatia kimea, onja mwenyewe. Mwanzoni ulimi unapata ladha ya unga tu. Funika, rudi baada ya saa moja: uji umelegea, na utamu umekuja bila hata kijiko cha sukari. Nimepika mara nyingi sana, na bado saa hiyo naingoja kwa hamu.

3. Juni na Julai, pombe ivae blanketi.
Hamira ikipata baridi inalala. Njombe miezi hiyo ndoo nilizoacha sakafuni zilikaa siku mbili bila povu. Ziweke jikoni, juu ya mbao, uzifunge blanketi.

4. Mfuniko usikazwe.
Hili nilifundishwa na ulanzi, pombe isiyohitaji kimea wala moto. Unagemwa kwenye machipukizi ya mianzi wakati wa mvua, na unaanza kuchacha tangu kwenye chombo cha kugemea. Nilinunua Njombe dumu la mtogwa, yaani ulanzi ambao bado ni mtamu, nikakaza mfuniko, nikapanda basi la Makambako. Njiani dumu likavimba kwa hewa ya ukaa. Mfuniko ukaruka, ulanzi ukamwagikia kiroba cha unga cha bibi aliyekaa jirani yangu. Nilimwomba radhi na kumlipa unga wake.

Siku hizi nyumbani nafunika kwa kitambaa safi tu. Safarini nalegeza mfuniko, na dumu nalibana katikati ya miguu yangu mpaka stendi.