Siku moja Changuu

Swali: Nitakuwa Unguja na wanangu wawili. Tukienda kisiwani Changuu, tuondoke saa ngapi?

Jibu: Saa mbili asubuhi, dada yangu, kabla jua halijawa kali. Ila kwanza waulize manahodha maji yanajaa saa ngapi. Yakiwa yametoka, hasa siku za bamvua, mtashuka mbali na ufuo. Vaeni viatu, matumbawe hukata. Patana bei ya kwenda na kurudi kabla ya kupanda, na kila mtoto avae jaketi la kujiokolea, hata kama safari ni ya nusu saa tu.

Kobe wakubwa, ambao wazee wao waliletwa kutoka Shelisheli mwaka 1919, watawapendeza sana wanao. Wasiwapande, tafadhali. Gereza lililojengwa kisiwani humo nalo liligeuzwa karantini.