Jua na Ngozi

Jua ni rafiki wa mkulima na mvuvi. Lakausha mahindi uani na dagaa ufukoni, nalo laotesha mimea yote. Walakini, pamoja na mwanga na joto, jua latoa mionzi isiyoonekana kwa macho, iitwayo urujuanimno. Mionzi hii ndiyo iunguzayo ngozi. Haimpi mtu habari kwa joto. Kwa hiyo aweza kuungua siku ya upepo au ya mawingu mepesi, asijue mpaka jioni. Tena mchanga mweupe na maji huirudisha kutoka chini, hata ikampata usoni aliyevaa kofia.

Ngozi imepewa kinga yake. Ndani yake mna rangi iitwayo melanini, nayo ni kama mwavuli mdogo juu ya kila chembe hai ya ngozi. Mtu mweusi anayo nyingi, Mzungu anayo kidogo, na mtu mwenye ualbino anayo haba mno, au hana kabisa. Ualbino si laana, wala hauambukizi. Mtoto huurithi kwa baba na mama pamoja, hata kama wazazi wenyewe ni weusi. Katika Tanzania hukadiriwa kuwa mtu 1 katika kila watu 1,400 hivi ana ualbino. Ulaya hawafiki hesabu hiyo hata kidogo. Basi jambo hili si la mbali.

Ngozi haisahau. Kila mara iunguapo, chembe zake hujeruhiwa. Majeraha mengi hupona, lakini mengine hubaki, yakajikusanya mwaka kwa mwaka. Mwisho chembe moja huacha kutii mwili, ikazaana bila kipimo, na huo ndio mwanzo wa saratani. Kwa hiyo ugonjwa umpatao kijana wa miaka 25 ulianza kupandwa alipokuwa mtoto akichunga mbuzi au akicheza mpira adhuhuri.

Mfano wa ndugu wawili, wote wenye ualbino, waonyesha jambo hili. Yule mkubwa alikwenda shambani kichwa wazi, kwa kuwa wenzake walimcheka alipovaa kofia. Alipokuwa na miaka 19, kidonda kidogo kilimtoka sikioni. Alikipaka majani, kikakauka juu, kisha kikatoka damu tena. Alingoja mwaka mzima. Alipofika hospitali ugonjwa ulikwisha kuingia ndani na kufika tezi za shingo. Madaktari walilikata sikio, wakamtoa na tezi, kisha akapelekwa Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, atibiwe kwa mionzi. Ndugu yake mdogo aliyaona hayo yote. Tangu siku ile hakutoka nyumbani bila kofia. Naye alipoona baka gumu juu ya mkono wake, hakungoja. Daktari alimpiga sindano ya ganzi, akaliondoa, na kijana akarudi nyumbani siku ile ile. Ugonjwa ulikuwa mmoja, ila mmoja alikawia na mmoja aliwahi.

Desturi za kujikinga ni hizi:

1. Kukaa kivulini tangu saa nne asubuhi hata saa kumi alasiri. Kivuli chenyewe ni saa: kikiwa kifupi kuliko mtu, jua ni kali.

2. Kuvaa kofia yenye ukingo mpana pande zote, ifunike masikio na shingo. Kofia ya ukingo wa mbele tu huyaacha masikio wazi.

3. Kuvaa mikono mirefu, na suruali au sketi ndefu, ya kitambaa kizito kidogo. Nguo ipitishayo mwanga hupitisha na mionzi.

4. Kupaka mafuta ya kukinga jua yenye kipimo cha 30 au zaidi, na kuyapaka tena kila baada ya saa mbili. Mafuta haya ni msaidizi wa nguo, si badala yake. Kule Moshi palianzishwa kazi ya kutengeneza mafuta ya namna hii, yaitwayo Kilisun, kwa ajili ya watu wenye ualbino.

5. Kutazama ngozi kila mwezi, hasa uso, masikio, mdomo wa chini, shingo na mikono. Baka gumu, uvimbe ukuao, au kidonda kisichopona kwa mwezi mmoja, kionyeshwe hospitali hata kama hakiumi.

Walakini desturi hizi hazimpasi mwenye ualbino peke yake kuzishika. Kijana hawezi kuvaa kofia ikiwa shule yamwamuru kuivua, wala kukaa kivulini ikiwa gwaride ni la saa sita. Mwalimu mwenye busara humruhusu mikono mirefu, humpa kazi ya asubuhi na mapema, na humkalisha karibu na ubao, kwa maana macho yake pia hayaoni mbali. Mwanafunzi mwenzake naye ana sehemu yake: asimcheke. Kicheko kilichomvua yule ndugu mkubwa kofia yake kilimgharimu sikio.

Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa uliiweka tarehe 13 Juni iwe siku ya kuwakumbuka watu wenye ualbino ulimwenguni. Ni vema, lakini jua halichomozi siku moja kwa mwaka. Kofia ya kila siku hushinda sherehe ya siku moja, na asiyeziba ufa hujenga ukuta.

MASWALI

1. Kwa nini mtu aweza kuungua siku ya mawingu?
2. Melanini yafanya kazi gani?
3. Ndugu wawili walitofautiana kwa jambo gani?
4. Ni amri zipi za shule zifaazo kubadilishwa kwa ajili ya mwanafunzi mwenye ualbino? Eleza sababu.